Ukitaka kujua bei halali ya stesheni wagoni ya Kimarekani ya zamani, anzia nyuma

Juzi shemeji yangu anayeishi Ohio kanitumia picha saba za gari, afu chini kaandika maneno mawili tu: "Shem, halali?" Kwenye picha ni Oldsmobile Custom Cruiser ya mwaka 1974, stesheni wagoni, yaani lile gari la familia ambalo paa lake linanyooka mpaka mwisho nyuma, kijani iliyofifia, ubavuni ina stika ndefu ya mfano wa mbao, na gari lenyewe ni refu zaidi ya mita 5 na nusu mpaka mpigaji wa picha ya ubavu ilibidi arudi nyuma akanyage maua ya jirani. Muuzaji anataka dola 14,500. Shemeji ni mtu wa magari tangu tukiwa Mwanza, Toyota anaitambua kwa mlio tu akiwa ndani, ila kwa hili alikwama, na mi namwelewa kabisa manake gari kama hili ukiuliza bei kwa watu watatu unapata majibu matatu na wote wanaweza kuwa sahihi.

Kinachochanganya ni kwamba sisi tumezoea bei ya gari kushuka kwa umri. Gari la mwaka huu bei hii, la miaka mitano nyuma bei ile, likifika miaka kumi na tano unaongea na dalali kwa sauti ya chini. Kwa magari ya zamani ya Marekani hesabu hiyo haifanyi kazi. Wagoni ya 1957 inaweza kuwa bei mara kumi ya wagoni ya 1982, na wagoni mbili za mwaka mmoja, rangi moja, injini moja, moja ikauzwa mara tatu ya mwenzake. Uzee peke yake haulipwi. Kinacholipwa ni watu wangapi wanaitafuta, na je ile iliyopo mbele yako imebaki na vitu ambavyo huwezi kuvinunua popote.

Tuanze na neno lenyewe kwanza, manake lina maana kwetu kuliko hata kwa Wamarekani wenyewe siku hizi. Stesheni ni stesheni kweli, ya treni. Miaka ya 1910 na 1920 watu walikuwa wanachukua chesesi ya Ford Model T wanaipandishia bodi ya mbao yenye mabenchi, kazi yake kwenda kusubiri wageni na masanduku yao stesheni na kuwapeleka hotelini. Mwaka 1929 Ford wakaanza kuiuza wenyewe kwenye Model A, bodi ya mbao kabisa, na mbao walikuwa nazo manake Henry Ford alinunua misitu na kujenga kiwanda cha kupasua mbao Iron Mountain, kule Michigan. Masalia ya mbao hawakutupa, waliyageuza mkaa wa kubonyezwa wakauza kupitia wauzaji wa magari yao, na mkaa ule ndio mpaka leo Wamarekani wanachomea nyama ukiitwa Kingsford. Kwa hiyo ukimwona Mmarekani anawasha jiko la nyama choma Julai, jua kuna stesheni wagoni kwa mbali kwenye ukoo wa ule mkaa.

Hizo za mbao halisi ndo kundi la kwanza kibei na ziko dunia yake. Usichanganye. Fremu ya bodi ni mti mgumu, mepo au majivu ya mti wa ash, hapana samahani, sio majivu, ash ni jina la mti tu, nilishawahi kumtafsiria mtu vibaya akanishangaa. Mbao zinaoza, zinaliwa na mchwa, viungio vinalegea, na kuijenga upya bodi kunahitaji seremala wa magari ambao wamebaki wachache, bili inaenda makumi ya maelfu ya dola kirahisi. Kwa hiyo kwenye gari la mbao unanunua mbao, injini inafuata. Kuanzia 1952 Ford Country Squire ikawa ya chuma mwili mzima na "mbao" zikawa stika za plastiki zilizochapwa picha ya mbao. Mtu akikuambia ya kwake ya 1975 ni "gari la mbao" na bei kaipandisha kwa sababu hiyo, cheka kwa adabu.

Kundi la pili ni zile za milango miwili za katikati ya miaka ya 50, na mfalme wao ni Chevrolet Nomad ya 1955 mpaka 1957, na ndugu yake Pontiac Safari ya miaka hiyo hiyo. Nomad ilikuwa ghali enzi zake, haikufika magari elfu kumi kwa mwaka wowote kati ya hiyo mitatu, na ilikuwa inavujisha maji kwa nyuma tangu mpya, lakini ni nzuri, kwenye mlango wa nyuma ina mistari saba ya kromu inayoshuka kama meno ya kitana. Hizi zina soko lake la kudumu na mpaka spea mpya zinatengenezwa. Kumbuka hilo la spea, nitarudi.

Kundi la tatu ndo mameli ya nchi kavu, ya miaka ya 60 na 70, ambako gari la shemeji limo. Na la nne ni za mwisho kabisa, Buick Roadmaster Estate na Chevrolet Caprice za 1991 mpaka 1996, ambazo za 1994 kwenda juu zina injini ya LT1 lita 5.7 nguvu farasi 260, ukoo wa injini ya Corvette ndani ya gari la kubebea watoto na mbwa. Baada ya hapo kiwanda cha Arlington, Texas, kilichokuwa kinaziunda kikahamia kwenye malori na ma-SUV, mchezo ukaisha. Na kilichozimaliza sio kitu kimoja. Mafuta yalipanda 1973, sheria ya 1975 ikawalazimisha watengenezaji kupunguza unywaji wa mafuta wa magari madogo huku ikiyalegezea malori, halafu Chrysler wakaleta minivan yao modeli ya 1984 na akina mama wa Marekani wakaona kumbe kuna kitu kina mlango wa kusukuma pembeni. Jeep Wagoneer siiweki hapa, ile japo ina mbao bandia ubavuni ina wateja wa aina nyingine wenye hela nyingine, ukiichanganya kwenye hesabu utapotea.

Sasa kwa nini hizi za kundi la tatu bei zake zinayumba hivyo? Fikiria Probox. Probox zipo kila kona, zinabeba nyanya, zinabeba abiria, zinabeba mbuzi, na hakuna mtu hata mmoja anayeifunika shuka usiku ili aitunze iwe kumbukumbu. Miaka hamsini ijayo nenda katafute Probox nzima yenye siti zake zote na zulia lake, utaona itakavyokuwa kazi. Wagoni ya Kimarekani ndo ilikuwa Probox yao. Familia iliinunua, watoto wakaitapikia, ikavuta boti, ikauzwa kwa kijana wa rangi za nyumba akapakia ngazi na ndoo, na ikichoka kabisa ilipelekwa kwenye mashindano ya kugonganisha magari vijijini, wanaziita derby, ambako wagoni kubwa zilipendwa kwa sababu zina nyama nyingi nyuma. Nyingine zilichinjwa ili mbele yake iponye gari lingine. Oldsmobile Vista Cruiser kwa mfano, ile yenye vioo darini ya 1964 mpaka 1972, mbele yake ni ya Cutlass, gari jingine la Oldsmobile, basi mtu mwenye Cutlass 442 iliyogongwa anaona wagoni ya dola mia tano, anang'oa madigadi, boneti na injini, mengine anatupa.

Na hapo ndipo ufunguo wenyewe ulipo. Mbele ya wagoni ni ya gari jingine, nyuma ni ya kwake peke yake. Injini, gia boksi, breki, taa, rejeta, mpaka dashibodi, vyote viligawanywa na saluni na kupe zilizotengenezwa kwa mamia ya maelfu, spea zake zipo mpya mpaka leo na bei zake ni za kawaida. Lakini kuanzia nguzo ya mlango wa abiria wa nyuma kwenda mwisho wa gari, yaani vioo virefu vya ubavuni, mlango wa nyuma, raba zake, mota zake, kifuniko cha sakafu, siti ya tatu (ile safu ya nyuma kabisa), reli za darini, taa za nyuma kwenye modeli nyingi, hivyo vilitengenezwa kwa wagoni tu, na ukiacha Nomad na wenzake wachache wenye wateja wengi hakuna kiwanda kinachovitengeneza tena. Kioo kimoja cha ubavuni kikivunjika unaenda kukitafuta kwenye uwanja wa magari mabovu majimbo matatu mbali. Kwa hiyo muuzaji akikufungulia boneti akaanza kukusifia injini, msikilize, itikia, halafu zunguka nyuma.

Kwa gari la shemeji nyuma kuna kisa chake kabisa. Kuanzia 1971 mpaka 1976 wagoni kubwa za General Motors, iwe Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile au Buick, zilikuwa na mlango wa nyuma usiofunguka kwenda nje hata kidogo. Unazungusha ufunguo, kioo kinapanda kinaingia darini kwa mota, na kipande cha chini cha chuma kinashuka kinajificha chini ya sakafu, kwenye baadhi kwa mota na kwenye baadhi unakisukuma kwa mkono. Mlango unapotea! Ukiona kwa mara ya kwanza unahisi umeibiwa. Ni ufundi wa ajabu na ndio sababu kubwa watu wanazitaka hizi gari, na ni ufundi huo huo unaoua bei yake, manake reli zinazobeba kioo na ule mlango zinajaa mchanga, maji yanatuama chini kule mlango unakojificha, waya zinachoka, mota zinagoma. Ukienda kuiona mwambie muuzaji afungue na kufunga mara tatu mfululizo, sio mara moja. Mara moja hata mgonjwa anainuka. Kioo kikipanda kwa kulia na kusita, au kikikwama nusu, hiyo sio kasoro ndogo kama redio kutokuimba, hiyo ni sehemu ya thamani ya gari imekufa.

Ford wao walichukua njia nyingine, tangu 1966 mlango wao unafunguka kwenda chini kama wa pikapu au kwenda pembeni kama wa nyumba, na bawaba zake zikilegea mlango unaning'inia kiasi kwamba ukiufunga unaugonga kwa goti. Angalia mpenyo kati ya mlango na bodi pande zote, ukiwa mpana juu na mwembamba chini ujue.

Siti ya tatu pia usiipite. Watu wengi waliing'oa miaka ya 80 ili wapate nafasi ya kupakia, wakaiacha stoo, nyumba ikauzwa, siti ikaenda. Wagoni iliyotoka kiwandani na siti ya tatu na sasa haina ni pungufu, na iliyotoka bila ni nzima, japo ukizichungulia zote mbili unaona sakafu tupu. Kutofautisha ni rahisi kuliko mnavyodhani. Kabla ya 1981 namba ya gari haikuwa na tarakimu 17 kama leo, kila kampuni ilikuwa na mtindo wake, na kwa General Motors ya miaka hiyo ilikuwa na herufi na tarakimu 13. Ya kwanza ni kampuni, 3 ikiwa Oldsmobile, nafasi ya tatu na ya nne ni aina ya bodi, ambapo 35 ni wagoni ya safu mbili za siti na 45 ni ya safu tatu, na ya tano ni herufi ya injini. Ipo kwenye kibati juu ya dashibodi, unaisoma kupitia kioo cha mbele hata muuzaji akiwa bado anatafuta funguo.

Kutu sasa. Ohio, Michigan, Minnesota, kote kule kipindi cha baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi inakula gari kutokea chini kama mchwa kwenye mlango wa Mvita. Gari linaweza kung'aa juu na chini limebaki tambara. Wagoni ina maficho yake ya kutu ambayo saluni haina: kwenye kona za chini za vioo vya ubavuni, kwenye kashimo ka tairi ya spea, ndani ya mlango wa nyuma, kwenye matundu ya reli za darini ambayo maji yanaingia yanashuka ndani ya nguzo bila wewe kuona. Na ficho baya kuliko yote ni chini ya ile stika ya mbao. Stika inazuia usione rangi ikitutuma, kwa hiyo pitisha kiganja taratibu ubavu mzima, ukihisi vipele au pameinuka kama mkate ulioumuka, kutu iko kazini humo ndani. Beba sumaku ndogo umeifunga kitambaa, pachika hapa na pale, inapokataa kushika chini yake ni puti, sio chuma. Gari lililokaa Arizona au California ndani ndani huko linakuwa na chuma kizima ila jua limepasua dashibodi na kukausha raba zote, na mi kati ya hayo mawili nachukua la jua bila kufikiri, dashibodi ipo ya kununua, ubavu wa wagoni haupo.

Stika yenyewe ikifa, kuirudishia ni kazi ya fundi mwenye subira, na zile fremu za rangi ya mbao nyepesi zinazoizunguka zikipotea ndo balaa. Watu wengine wanaibandua yote wanapiga rangi moja. Linapendeza, sikatai, ila kwa mnunuzi wa kundi hili umeondoa nusu ya sababu ya kulitaka.

Injini naipitia haraka kwa makusudi. Ya shemeji ni V8 ya inchi za ujazo 455, yaani lita 7.5, inakunywa mafuta kama ina hasira, na kama haitoi moshi wa buluu na mkandamizo wa silinda unakaribiana zote nane, endelea na safari. Usidanganywe na namba za nguvu za farasi kwenye matangazo, manake 1972 Marekani walibadilisha namna ya kuzipima, kutoka injini tupu mezani kwenda injini iliyovaa vitu vyake vyote. Injini ya 454 ya Chevrolet iliandikwa 365 mwaka 1971 na ikaandikwa 270 mwaka 1972, na wala haikudhoofika kiasi hicho. Tahadhari ni mbili tu. Wagoni za Oldsmobile za mwisho wa 70 na mwanzo wa 80 zenye dizeli ya V8 lita 5.7, hiyo injini ilikuwa na sifa mbaya ya kukata boliti za kichwa na kuunguza gasketi, bei inashuka mpaka uikute mtu ameibadilishia ya petroli. Na zile LT1 za 1994 mpaka 1996, distributa yake, ile inayogawa umeme wa plagi, imekaa chini ya pampu ya maji, pampu ikivuja inaimwagia, gari linaanza kukohoa. Uliza ilibadilishwa lini.

Halafu karatasi. Hati ya umiliki iwe safi, isiwe na muhuri wa gari lililoandikiwa hasara na bima, na jina liwe la anayeuza. Baada ya hapo ndo ushahidi wa jinsi gari lilivyotoka kiwandani, ambao unapandisha bei kweli kama gari lina kitu adimu kama injini kubwa au gia za mkono. Pontiac unaweza kuagiza nakala ya ankara yake kwa Pontiac Historic Services, Ford kuanzia 1967 ipo ripoti ya Marti, inayoonyesha gari lilitoka kiwandani na nini. Wengine unaombea ile karatasi ya kiwandani iwe imebaki chini ya siti au juu ya tenki la mafuta, zilikuwa zinasahaulika huko. Bila ushahidi, nembo ni mapambo. Mtu anaweza kukuwekea Chevelle wagoni ya 1970 imeandikwa SS, ile nembo ya toleo la kasi, mbele na nyuma, wakati mwaka huo kiwandani hawakutoa SS kwa bodi ya wagoni. Likipendeza linunue, ila lipie kama Chevelle wagoni yenye stika.

Sasa tuje kwenye namba. Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji, mwamba ngoma huvutia kwake. Unachotafuta ni bei ambazo gari kama hilo limeuzwa kweli, na bahati nzuri minada ya mtandaoni kama Bring a Trailer inaacha matokeo wazi, ila soma vizuri, kuna "limeuzwa" na kuna "lilifikia", na hilo la pili maana yake mwenye mali alikataa. Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya zamani, wana mwongozo wa bei wenye madaraja manne, la kwanza ni gari la maonyesho, la pili zuri sana, la tatu linatembea vizuri lina kasoro unazoziona ukisogea, la nne la kutumika hivyo hivyo. Kila muuzaji Marekani ana gari la daraja la pili. Kila mnunuzi anakuta la tatu. Na akikutolea bahasha la risiti kwamba ametumia dola 30,000 kulitengeneza, mwonee huruma tu. Vyaelea vimeundwa, ndio, lakini kwenye magari haya gharama ya kuunda hairudi, isipokuwa gari lenyewe liwe la watu wengi wanaolitaka kama Nomad.

Nikamfanyia shemeji hesabu, namba nitakazoweka ni za mfano ili njia ieleweke. Tuseme Custom Cruiser za aina yake za daraja la tatu zimekuwa zikiuzwa 13,000. Tukaorodhesha makosa ya hili: kioo cha nyuma kinakwama nusu, 1,200 kukirudisha, siti ya tatu haipo, 900 ukibahatika kuipata, kutu kwenye mbavu mbili chini, 3,000, stika imefifia, 2,500, kitambaa cha darini kinaning'inia, 600, tairi kuukuu, 700. Shemeji akajumlisha yote, 8,900, akatoa, akabaki na 4,100, akafurahi. Nikamwambia hapana, hapo na wewe sasa unataka kumwibia mzee wa watu. Daraja la tatu tayari limesamehe stika kufifia, kitambaa kulegea na tairi, ndo maana likaitwa la tatu na sio la pili, ukizitoa tena unakata mara mbili. Unakata yale tu ambayo gari la daraja lile lilitakiwa liwe nayo na hili halina, yaani kioo, siti na kutu, 5,100. Unabaki na 7,900. Juu ya hapo weka kidogo kwamba ni ya 1974, manake California magari ya 1975 kurudi nyuma hayapimwi moshi, kwa hiyo siku ya kuuza ana wateja mpaka kule.

Na kwa wale wanaoota kuipakia kontena waje nayo nyumbani, pigeni hesabu ya sheria kwanza ndo mje ya dola. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane na usukani wa kushoto ni kikwazo juu ya kikwazo, Uganda nao waliweka ukomo wa miaka kumi na tano.

Shemeji akaenda Jumamosi, akamkuta mzee mstaarabu, akafunguliwa boneti, akaitikia, akazunguka nyuma. Kuhusu siti ya tatu mzee akasema hili halikuwahi kuwa nayo. Shemeji akamwonyesha 45 kwenye kibati cha dashibodi. Mzee akanyamaza kidogo, akasema twende, wakapanda ngazi ya banda lake, na siti ilikuwepo juu kule, kijani ile ile, imefunikwa gunia na paka amezalia. Ile 900 ikarudi kwenye bei, 8,800, wakavutana kidogo wakamalizana 8,600 na paka akabaki.

Gari sasa liko uani kwa shemeji, kioo cha nyuma bado kimegoma nusu njia, kakifunika turubai akisubiri mota aliyoipata kwa jamaa wa Indiana anayechinja Buick Estate ya 1975.